Jiko Nililochelewa Kulipima

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, mjomba na wale pacha. Natumaini mgongo umepoa na kazini wameacha kukupangia zamu mbili mfululizo. Mama alisema siku ulipopiga simu ulikuwa unakohoa. Kama bado unakohoa, tafadhali nenda ukaonwe. Usifanye kama sisi wa huku, tunaongoja kikohozi kichoke chenyewe.

Sisi hatujambo. Baba ni mzima, ila anapita akigonga kuta za jiko jipya kwa vidole kama daktari anayepima kifua. Mama anafurahia kuwa na bomba ndani. Bibi yupo, anakula vizuri na anasikia yale anayotaka kuyasikia. Mimi nimemaliza shule, kama ulivyoambiwa, nangoja matokeo. Wageni wakiniuliza nitasomea nini, natazama miguu yangu. Unanijua, si bure uliniita Kobe.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya hapa nyumbani huzungumzwa sebuleni mbele ya watu wote, na mimi mbele ya watu maneno hunikimbia. Yule mwenzako wa kazini anayekuja likizo ametuma ujumbe tena kuuliza kama kijumba chako cha maboksi kiko tayari, apitie kukichukua. Sijamjibu bado. Nataka nikueleze wewe kwanza kilichonipata.

Ulipoondoka nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyonikalisha sakafuni ukanionyesha namna ya kugeuza kasha la kiberiti kuwa kabati lenye droo inayofunguka. Tangu siku ile sijaweza kutupa boksi. Mama husema chumba changu ni ghala la duka la viatu lililofilisika. Kwa hiyo uliponiomba nikutengenezee nyumba yetu yote, kama ulivyoiacha, sikuona kuwa ni mzigo. Nililala nikiwa nimeshaanza kuipima kichwani.

Kila mita moja ya nyumba niliifanya sentimita tano. Kuta nilizitoa kwenye maboksi ya viatu, milango kwenye vijiti vya aiskrimu. Bati ndilo lililonipa raha kuliko vyote. Unachukua katoni, unalowesha karatasi yake ya juu na kuibandua polepole, na chini yake unakuta mawimbi. Ukiyapaka rangi ya kutu, hakuna atakayekuambia si bati. Haya yote niliyafanya wakati wa kujiandaa na mtihani, kitabu cha kemia kikiwa wazi mbele yangu na kijumba mapajani. Mama akipita mlangoni anasikia kimya, anaenda kuwaambia majirani jinsi binti yake anavyosoma.

Mtihani ukaisha. Nikasema sasa meza ni yangu, siku nzima ni yangu, nitamaliza upesi. Shangazi, hamu ikaondoka. Hata sijui iliondoka saa ngapi. Nilikuwa nakaa mezani, nachukua wembe, nautazama, naurudisha. Nilipokuwa naiba dakika, kila dakika ilikuwa na utamu wake. Nilipopewa siku nzima, sikujua niifanyie nini.

Halafu kila mtu alikuwa anauliza. Baba akirudi kazini, "Mhandisi, umefikia wapi?" Jirani akija kuazima ungo, "Ya shangazi yako bado haijaisha?" Nikaanza kutazama kwenye simu ya Mama picha za watu wanaotengeneza vijumba vyenye taa zinazowaka na vitasa vinavyozunguka, kisha nageuka naona ukuta wangu umevimba gundi kwenye kona. Ikawa hata kuufuta vumbi sitaki.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, jiko la uani. Nililiacha mwisho kwa sababu lilikuwa gumu. Kuta zake zilikuwa zimepinda, hakuna kona iliyokuwa sawa na mwenzake, na yale masizi ya ukutani sikujua nitayapakaje bila kuchafua nyumba nzima.

Baba alitangaza mezani kwamba fundi angekuja kulivunja wiki inayofuata ili wajenge jipya lililoungana na nyumba. Akanigeukia mimi. "Kama unalihitaji kwa kazi yako, lipime mapema. Fundi akishaanza hangoji mtu."

"Kesho, Baba," nikasema.

Kesho yake nikasema kesho. Jiko lilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani kwangu. Nilipita humo kila siku kuchota maji ya moto, na sikuwa na shughuli yoyote nyingine. Ningekuwa nimezuiwa na kitu ningekuambia, lakini hakuna kilichonizuia.

Siku ya fundi niliamka kwa kelele za matofali yanayoanguka. Nikatoka na rula, futi ya kupimia na penseli, nikakuta paa limeshatoka na kuta zimelala, isipokuwa ule ukuta wa upande wa jirani. Fundi akaniona nimesimama na vifaa vyangu.

"Unatafuta nini, binti?"

"Nilitaka kupima."

Akanionyesha rundo la matofali. "Pima. Lote liko hapo."

Vijana wake wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, lakini nilirudi chumbani nikakisukuma kijumba chini ya kitanda mpaka kikagonga ukuta. Kilikaa huko muda mrefu. Mwenzako alipoanza kuuliza, nilimwambia Mama ajibu kwamba rangi haijakauka. Ilikuwa imekauka siku nyingi.

Aliyekitoa ni Bibi. Aliingia kutafuta ndala yake, akainama na fimbo, akavuta, kikatoka kijumba kikiwa na utando wa buibui kwenye baraza. Akaketi kitandani akakitazama kwa muda. Alikitambua chumba chake, akaona hata kile kiraka cha bati ulichokipigilia wewe. Halafu akaweka kidole uani, pale palipokuwa patupu.

"Na mimi nitapikia wapi, mke mwenzangu?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea anionee huruma. Akasema, "Majuto ni mjukuu. Nami mjukuu ninaye mmoja tu wa kike, basi nilijua atakuwa wewe." Akacheka mwenyewe mpaka akashika mbavu. Kisha akaniambia nilete kigoda, yeye analikumbuka jiko lake lote, atanipimia.

Basi tukaanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Bibi alikuwa anakuja na kigoda chake, ananipa kitu kimoja tu cha kutengeneza, na kikiisha anasimama. Siku ya kwanza ilikuwa mafiga matatu, basi. Nikamwambia bado nina nguvu, tuendelee na mlango. Akakataa. Alisema mtu huondoka kwenye sinia akiwa bado na hamu, la sivyo kesho hatakitaka chakula hicho. Nilimwona kama ananichezea, lakini asubuhi iliyofuata niliamka nikiuwaza ule mlango, na nilikuwa sijawaza hivyo tangu kabla ya mtihani. Alinikataza pia kutazama picha za kwenye simu. Alisema hao wenye taa hawakuwahi kupika humu.

Vipimo alinipa kwa mwili wake. Upana wa mlango ni yeye na ndoo moja kiunoni. Kutoka mafiga hadi ukuta ni mguu wake ukinyooshwa akiwa amekaa. Mimi napima kwa futi, nabadilisha kuwa sentimita zangu, nakata. Masizi tuliyapata kwa kusugua mkaa na kidole, na Bibi ndiye aliyeyapaka, kwa sababu alisema mimi nayapaka kama mtu anayeogopa kuchafuka.

Siku ya ubao wa chumvi ndiyo ninayotaka kukueleza. Ule ubao wa juu ya dirisha, palipokaa chumvi na kiberiti visilowe. Bibi alisimama penye ukuta wa chumbani kwangu, akanyoosha mkono kama anayechukua kopo. "Hapa. Mkono wangu haujasahau." Nikaweka alama kwa penseli, nikapima, nikakata ubao. Dirisha nililipima mwenyewe, kwa sababu ule ukuta wa jirani haukuvunjwa na kwa nje fremu ya zamani bado inaonekana. Nilipoweka ubao mahali pake, ukapita katikati ya dirisha.

Nikapima tena. Nikamwomba Bibi asimame tena. Mkono ukafika palepale kwenye alama.

Baba akaja kwa ajili ya mabishano, maana tulikuwa tumeanza kubishana. Bibi alikuwa anasema fundi amelishusha dirisha. Baba akamwambia fundi hajaligusa, alilijaza matofali tu na kupiga lipu kwa ndani. Akatazama ile alama ukutani, kisha akamtazama Bibi. "Mama, wewe ulikuwa mrefu. Wakati ule ulikuwa unainama kuingia mlangoni."

Wote tulikuwa tunajua mgongo wa Bibi umepinda, tunamwona kila siku. Lakini hakuna aliyewahi kuuweka kwenye rula. Mimi ndiye niliyeuweka, na penseli yangu ilikuwa bado mkononi.

Bibi akaigusa ile alama. "Kumbe narudi chini taratibu," akasema, "kama msumari unaopigwa na fundi asiye na haraka." Baba akacheka kidogo, kwa adabu. Mimi sikuweza. Ningelipima jiko lilipokuwa limesimama, asingehitaji kusimama ukutani ajue jambo hilo mbele yetu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata matofali.

Jioni alinishika mkono akaniomba nisikuandikie. Alisema kwenye simu wewe unamsikia vilevile, sauti haijapinda, basi nikuache umwone vilevile. Nikamwambia sawa, Bibi. Nimekaa na hiyo sawa siku kadhaa, na leo naivunja. Akijua atanigombeza, nami nitanyamaza anigombeze.

Naivunja kwa sababu mimi nilikuwa karibu na jiko, nikasema kesho. Wewe uko mbali, na kila mwaka unatuambia mwakani. Najua tiketi, najua ruhusa ya kazini, najua pacha na shule zao. Si mahali pangu kukuambia, na hapa nimefuta mistari mingi kabla ya kuuacha huu. Lakini Bibi wa kwenye kijumba naweza kumrekebisha kwa kupandisha ubao. Huyu wa hapa siwezi.

Nilikuwa nimekusudia kukuomba usimame ukutani huko uliko, bila viatu, unyooshe mkono kama ulivyokuwa ukichukua chumvi, mjomba apime unitumie. Wewe bado hujapinda, ungetosha. Baba anasema ubao ulikuwa shibiri moja juu ya dirisha, Bibi anasema uliligusa, na hawatapatana.

Sasa naomba kingine. Ule ukuta wa jirani upo, na chini ya lipu dirisha liko palepale. Njoo usimame mwenyewe uunyooshe huo mkono. Ubao sijautia gundi. Kijumba sitampa mwenzako, nitakiweka juu ya kabati, kimefunikwa. Ukisema nikitume, nitakituma bila kinyongo na nitakisia. Lakini kipimo kitakuwa cha kukisia.

Baada ya siku ile nilidhani Bibi hatarudi na kigoda. Alirudi. Tumemaliza kamba ya kuanikia nguo, na sasa ananidai kuku. Nimemwambia kuku wa kimo hicho atakuwa kama punje ya harage, akasema nianze na mdomo. Hamu nayo imerudi, si kama ile ya kuiba, hii ni ya polepole, lakini asubuhi naikuta.

Nisalimie mjomba, mwambie redio aliyoiacha bado inashika stesheni moja. Wabusu pacha, waambie nimewatengenezea kabati la kiberiti kila mmoja ili wasigombane. Baba na Mama wanakusalimu sana. Bibi anakusalimu kwa sauti yake ileile.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akuwekee wepesi kazini, na akufungulie njia ya huku.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu,

Kobe wako