Mama Yangu Hataingia Kanisani Siku ya Harusi Yangu

Shangazi Nasimiyu, nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikipiga pasi hapa Kagugu, na leo naomba unisaidie mimi, maana harusi yangu iko karibu na sijui nishike la nani. Naitwa Natacha, naimba kwaya ya parokia, nilibatizwa ukubwani kwa kutaka kwangu mwenyewe, na mchumba wangu Goodluck ni Mkatoliki wa Bukoba anayefanya kazi hapa Kigali, kwa hiyo tulikubaliana ndoa tufunge kanisani. Lakini mama yangu Béatha, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alikimbilia kanisani na baba yake na kaka zake, wakiamini hakuna atakayewagusa mbele ya altare, akatoka hai yeye peke yake, na tangu hapo hajavuka mlango wa kanisa lolote. Ubatizo wangu hakuuzuia. Maaskofu walipoomba msamaha kwa ajili ya waumini walioua, nilimsomea maneno yao akiwa anamenya viazi, akasema amesikia, akanishukuru, akaendelea kumenya.

Sasa mama mkwe ametuma habari kwamba bibi harusi kukosa mzazi kanisani ni aibu kwa ukoo wao. Nilipomwomba mama alinishika mkono akasema, "Nitakuvisha mwenyewe, mwanangu, na ukumbini nitacheza. Kanisa silichukii. Mle ndani siwezi." Ila Goodluck ana mpango, tumpakie mama garini tukimwambia tunaelekea ukumbini, tumshushe mlangoni mwa kanisa watu wote wakimtazama, eti akishaingia mara moja hofu itaisha, na wala hana nia mbaya, anampenda mama, na mimi Shangazi natamani sana kumwona pale mbele, hata nilikaribia kukubali. Nifanye nini?

Natacha, Kagugu

Natacha mwanangu, pole. Kutaka mama yako awe karibu siku hiyo si kosa. Kumtega ni kosa, na uliposema ulikaribia kukubali nilizima jiko ili nikujibu vizuri. Mama yako aliingia kanisani mara moja akiwaamini watu. Leo mnataka aingie tena kwa kudanganywa, na anayemdanganya awe mtoto wake?

Ndoa ya Kikatoliki inawahitaji ninyi wawili, padri na mashahidi wawili. Mama mzazi akibaki nje, ndoa ni halali. Kamuulize paroko wako kama unaona nabahatisha.

Mwite Goodluck leo. Mwambie mpango huo umekufa, na amweleze mama yake ukweli, baada ya Béatha mwenyewe kuruhusu usemwe, kwa sababu msiba ule ni wake. Goodluck akibisha, ahirisha harusi. Sitanii.

Asubuhi ya harusi mama akuvishe nyumbani kama alivyokuahidi, na akubariki hapo mbele ya wakwe zako, wote wakiwa wamesimama. Mkitoka kanisani, msafara upite kwake kwanza, mwingie ukumbini naye.

Saa ile mnapofunga ndoa asikae peke yake. Jumuiya yenu ya majirani inasali nyumba kwa nyumba, bila shaka unawajua kina mama anaowaamini. Waombe wawili wabaki naye, wamsaidie kupika. Wakinung'unika kukosa misa ya harusi, waambie ni mimi niliyewakatalia.