Mdogo Wangu Anataka Nimgongee Mdundo wa Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mdogo wangu anakuja na kinasa sauti na mimi sina pa kujificha.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na kwa miaka miwili nilikuwa namuuguza mama aliyepigwa kiharusi kikamwondolea sauti na mkono wa kushoto. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa kwaya, akifundisha kwa kugonga kijiko mezani, na hata kitandani kijiko hakikumtoka mkononi, ndicho kilichokuwa ulimi wake: akigonga ukuta mara mbili anataka maji, akigonga mara tatu, kimya, tena mara tatu, maana yake acha kila kitu uje.

Basi mdogo wangu akaingia fainali ya shindano la uimbaji kwenye televisheni, Jumapili alasiri, nami nikaalika ukoo na majirani, nikasukuma cherehani pembeni, nikaazima mabenchi, jirani yetu fundi redio akaleta spika mbili za kupasua masikio. Mama nilimwahidi atakaa mbele kabisa, lakini wageni walipojaa nikaona kiti chake cha magurudumu kitakula nafasi ya watu watatu, na kusema kweli, mshauri, niliona haya mate yanayomtoka mbele za watu, nikamwambia, "Mama, utasikia kutoka chumbani, ukuta wenyewe mwembamba."

Mdogo wangu alipoanza kuimba, ukuta ukagongwa. Fundi redio akaruka, "Sikieni! Mwalimu kashika mdundo!" na sebule nzima ikaanza kupiga makofi kumfuata, wajomba, mashangazi, watoto, wanacheka huku wanalia, na mimi nikapiga makofi pia, mimi peke yangu niliyejua maana yake. Tatu, kimya, tatu. Nilijua, mshauri. Nikajisemea ngoja wimbo uishe, kisha nikasema ngoja watangaze matokeo, na hapo kugonga kulikuwa kumekoma, nikashukuru kwamba ametulia. Mdogo wangu alishika nafasi ya pili. Nilipomaliza kugawa soda nikaingia chumbani, nikamkuta mama nusu yuko nje ya kitanda, kijiko sakafuni, rangi ya ukuta imebanduka pale alipokuwa akigonga. Alikuwa ameshakufa.

Mdogo wangu akapiga simu analia, "Dada, mama alinisikia?" Nikamjibu, "Alikusikia, alikupigia mdundo mpaka mwisho," na wageni wote wakashuhudia, habari ikaenea kwamba kilikuwa kifo kizuri. Sasa ametunga wimbo wa kifo hicho, na anataka niugonge ukuta ule ule kwa kijiko kile kile ili mdundo wa mama uwe mwanzo wa wimbo. Ananipigia kila jioni, sipokei. Nikimwambia ukweli nitampoteza na yeye, nisipomwambia nitagongaje? Nifanye nini?

Fundi Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Pole ya kweli, kwa sababu umemuuguza mama miaka miwili, na kati ya hao waliopiga makofi sebuleni sijui wangapi waliwahi kumbadilishia shuka. Hilo nalisema mara moja tu, maana naona ungependa niishie hapo.

Uliona haya mate ya mtu aliyekufuta ya kwako. Ulisikia, ukangoja. Sina maji ya kukuosha hilo. Lakini usijitwike na lisilo lako: mimi sijui, na wewe hujui, kama kuingia kwako kungemwokoa. Nenda kwa muuguzi aliyekuwa akimhudumia, mweleze yote, umuulize, na jibu atakalokupa ulikubali. Huenda asingepona. Ila angekufa ameshikwa mkono, na hicho ndicho ulichomnyima.

Uongo wa kwanza nauelewa, ulimwonea huruma mtu anayelia kwenye simu. Wa pili hapana. Usithubutu kuugonga ukuta ule. Mama alikuwa anaita, halafu wewe uigeuze sauti yake ya kuomba msaada kuwa ngoma ya watu kucheza? Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako inaishia Jumamosi.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Mwite aje peke yake, mchana, mkae chumbani kwa mama. Mpe kijiko, umweleze mara mbili ilikuwa nini na mara tatu ilikuwa nini. Ataelewa kabla hujamaliza, lakini wewe maliza. Usimwambie wageni walikuwa wengi. Wala usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, utakuwa unamtwisha mzigo mwingine juu ya huo. Akikutukana, kaa. Akiondoka, mwache aondoke na kijiko. Pengine utampoteza kweli, sikufichi.

Na hizo simu za jioni, fundi. Mtu wako anaita, wewe uko upande wa pili, unangoja akome mwenyewe. Hii ni mara ya pili. Leo akipiga, pokea.