Faili Lenye Jina Lako

Kisenyi,
Kampala.
14 Mei 2024

Mpendwa kaka Jafar,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua chako kimezoea baridi ya Nairobi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shangazi Rahmah macho yamezidi kufifia lakini ulimi uko palepale. Anauliza kama Kibera kalamu zimekwisha, maana hujamwandikia tangu mwaka juzi.

Mvua imenyesha wiki nzima. Mtaro wa mbele ya duka umefurika, na wateja wananiletea matope mpaka kwenye mashine ya fotokopi. Nimegombana nao hadi nimechoka.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Jambo hili nimejaribu kukuambia kwa simu mara mbili, na zote mbili nimeishia kukuuliza bei ya unga. Basi kaa chini, usome taratibu.

Tangu tumzike kaka Siraje mwezi wa kwanza, kila unapopiga simu unaniuliza kama alikuachia neno, nami nakujibu hapana. Najua kwa nini unauliza. Miaka sita alikununia kwa sababu mama alipofia kwako ulimzika alasiri ileile, bila kumngoja yeye aliyekuwa njiani. Najua pia ndiyo sababu hukuja kumzika, ukasema huwezi kusimama kwenye kaburi la mtu aliyekunyima salamu. Watu hapa walikusema sana, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kompyuta yake nimeirithi mimi pamoja na duka. Wiki ya kwanza, katika kuipekua, nilikuta faili lenye jina lako. Nilipolifungua sikuona neno hata moja la kusomeka. Kurasa na kurasa za alama tupu, vijistari, herufi zilizopinduka, kama maandishi ya ndani ya hirizi. Niliogopa, Jafar. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikalifunga, nikanyamaza. Kwa hilo naomba radhi.

Sasa Jumanne iliyopita Asuman, fundi wa gereji ya jirani, alikuja na flashi nimchapie orodha ya vipuri. Juzi yake kompyuta ilikuwa imewekwa programu mpya ya muziki, kwa hiyo nilipotaka kuifungua orodha ikaniuliza niifungue kwa programu gani. Duka lilikuwa limejaa, na haraka yangu unaijua. Nikabonyeza ile ya muziki, tena nikaweka alama kwamba iwe hivyo daima. Hapo hapo nyaraka zote dukani, mikataba, barua za kazi, kadi za harusi, zikavaa picha ya programu ya muziki. Ukibonyeza waraka, mashine inajaribu kuuimba, inashindwa, inanyamaza.

Asuman akaenda kuswali adhuhuri, wateja wakatawanyika wakinung'unika, nikabaki peke yangu nikijaribu faili moja baada ya jingine nione kama lipo lililopona. Nikafika kwenye lako.

Likasema.

Kwanza ilikuja pumzi. Kisha Siraje, kwa ile sauti yake ya siku za mwisho, yenye mkwaruzo, akaita, "Habibah." Tumefunzwa tangu utotoni kwamba ukiitwa na usiyemwona usiitike. Mimi niliitika, kama nilivyomwitika maisha yangu yote. Akasema, "Funga mlango kidogo, hawa watu wa gereji wanapiga kelele." Nikainuka, nikaufunga. Mkono wangu ukiwa bado kwenye komeo, nikausikia mlango ukifungwa tena nyuma yangu, ndani ya kompyuta, na mwanamke akasema, "Haya, nimefunga." Mwanamke yule alikuwa mimi.

Nilikaa juu ya katoni la karatasi mpaka nikakumbuka: mwezi wa kumi na mbili aliniagiza kweli nifunge mlango, nikadhani anaongea na mteja kwenye simu. Hata hivyo, mpaka leo ule mlango namwachia Asuman aufunge.

Jioni nilimwita Atoo, fundi wa kompyuta anayetoka Mbuya. Alinicheka. "Nnyabo, bibi yangu, hii haina jini," akasema. "Mzee alirekodi sauti, halafu akabadilisha mwisho wa jina yake, akaandika kama ni waraka." Ndivyo alivyokuwa kaka yetu. Alitaka mafaili yote yafanane sura kama vijana wa jeshi kwenye gwaride, kwa hiyo kila kitu alikimalizia kwa herufi zilezile za waraka. Zile alama za hirizi ilikuwa ni programu ya kuandika ikijaribu kuisoma sauti yake. Atoo akabonyeza waraka mmoja kwa kitufe cha kulia, akachagua programu ya kuandika, akaweka alama ya daima, na nyaraka zote zikarudi mahali pake. Lako akalirudishia mwisho wake wa haki.

Haya ndiyo aliyosema, nimeyaandika neno kwa neno:

"Jafar, siku ya mama nilifika Busia saa nne asubuhi. Pale mpakani mimi nikashuka, basi likavuka bila mimi. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likazama. Niliogopa kumuona mama ndani ya sanda. Wewe uliningoja mpaka alasiri, na mimi sikuwa nakuja. Halafu nikakuacha ubebe lawama miaka yote hii. Nisamehe, mdogo wangu. Kama umenisamehe, sema."

Nililia, kisha nilimkasirikia, kisha nililia tena. Shangazi Rahmah amesikiliza naye. Anasema kosa la mtu kwa mtu Mungu hulisubirisha mpaka aliyekosewa aliachilie, na kwamba sasa kazi ni yako. Sauti yenyewe nimeinakili kwenye flashi, nimeitia ndani ya bahasha hii. Kidega, kondakta wa basi, atakukabidhi mkononi.

Nisalimie wifi Mastula na watoto wote, na yule jirani yenu mpika mandazi. Mungu akupe kifua chepesi na moyo mwepesi zaidi.

Dada yako akupendaye,
Habibah

Tena: akishasema "sema", usizime. Sauti haikatiki. Zimebaki dakika nne, anapumua tu, anangoja. Nimezisikiliza zote na sikufungua mdomo, kwa sababu hakuniuliza mimi.