Sahani Yenye Alama Nyekundu

Mama yangu mpenzi,

Umeamkaje huko? Magoti yanakuruhusu kufika sokoni, au bado yanakugomea? Mimi niko mzima, ila baridi ya Ubelgiji inanivalisha soksi mbili mbili. Jana nilisonga bukari, ule ugali wetu, kwa semolina ya ngano, ikatoka laini kama uji wa mgonjwa. Nimeila yote hivyo hivyo, maana njaa haina adabu.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hatuongei vizuri. Nikiuliza baba yuko vipi, Tata mwenyewe amekaa hapo karibu, nawe unajibu tu, "Tuko bazima, mwanangu." Ukweli nimeupata kwa kaka Banza. Kumbe tangu mlipohamishwa kutoka Kasulo Tata anakohoa tena, na safari hii leso ina damu. Kumbe ameanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya tatu. Na nyumba mpya ilivyo ndogo, mmemlaza peke yake katika depo, pamoja na magunia ya mahindi, na chakula chake anakula mlangoni. Usimkasirikie Banza. Mdomo wake ni mwepesi tangu utotoni, lakini mara hii umetufaa.

Mama, unajua watu wakikuuliza kazi yangu unasema "anafanya kwa laboratware," kisha unabadilisha mazungumzo. Leo nakueleza. Katika maabara hiyo mimi ninafuga ukungu. Ndiyo, ulinisomesha miaka yote ile ili nifuge kile unachokifuta kwenye mihogo.

Ukungu wangu hutoa mbegu ndogo kuliko vumbi, na sote tunazivuta kila siku. Mapafu yana askari wake wa kuzimeza. Lakini kila mbegu imevaa koti la protini, na askari hupita karibu bila kuitambua. Mwaka huu mzima kazi yangu imekuwa kuzivua mbegu koti hilo. Zikiwa uchi, askari wanashtuka na kuzishambulia. Zikibaki na koti, zinatulia, zinaota, halafu zinatoa protini nyingine za kukata nyama ya pafu ili zipate chakula. Mtu mwenye mapafu mazima hushinda vita hivyo bila hata kujua. Mwenye pafu lililobaki na tundu la ugonjwa wa zamani, ukungu hupata humo nyumba.

Na Tata ana tundu. Lilibaki baada ya kile kifua kikuu cha kwanza, mwaka kampuni ilipoanguka na yeye akarudishwa nyumbani na kofia yake ya mgodi.

Banza alinitumia picha ya mapafu, ameishika dirishani ili mwanga upite. Niliipeleka kwa daktari tunayefanya naye kazi, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi. Akaweka kidole juu ya tundu. Ndani yake kulikuwa na kitu cha mviringo, kama bonge la nyuzi. Akaniuliza kama makohozi yamepimwa. Nikasema mara tatu, na hawakuona mdudu wa kifua kikuu. Akauliza, "Baba yako analala wapi?" Nikamwambia, na magunia. Akaweka kalamu chini.

Mama, yale mahindi aliyotuma shangazi kutoka Lubudi yalinyeshewa njiani. Banza anasema ukipiga gunia, vumbi la kijani linatoka. Tulimtenga Tata ili tusiugue, tukamlaza palepale penye kumuumiza. Nililia chooni, kisha nikarudi kazini kwa sababu mbegu hazingoji.

Kuna jambo jingine, nalo ni langu. Unakumbuka sahani ya bati ya Tata? Nilikuwa na miaka tisa. Ulimnunulia yake peke yake, nami nikachukua rangi ya kucha ya shangazi, nikapaka alama nyekundu ukingoni ili mtu asije akakosea. Ulinisifu: "Mutoto yangu iko na akili." Na Tata akacheka, akasema, "Njo muzuri. Sasa mi njo chef, mukubwa wa nyumba, niko na sahani yangu." Akapona. Wakasema makohozi ni safi. Lakini sahani ikabaki, na hakuna kati yetu aliyesema iondolewe. Ikanusurika hata siku jiko letu lilipozama kwenye shimo la madini alilochimba jirani. Vyungu vilivunjika, yenyewe ikaokotwa nzima.

Sitakudanganya: sijui kwa hakika kama kinachomuumiza ni ukungu na si kifua kikuu, picha peke yake haitoshi, na sijui kama atapona. Daktari wa huku ameandika barua kwa daktari wenu, nimeiweka humu. Tata aipeleke. Asiache dawa zozote kwa uamuzi wake, daktari ndiye atakayesema. Ila mawili nayajua. Ukungu huu hautoki kwa mtu ukaingia kwa mtu. Na katika depo asilale tena, hata leo. Magunia yatolewe na Banza, amejifunga kitambaa puani, Tata akiwa mbali.

Banza ameniambia pia habari za mtoto wake, ndoyi wa Tata, aliyepewa jina lake. Kwamba Tata humtazama kutoka mlangoni, leso mdomoni, na mkimwita aingie anajibu, "Nitamushika akikuwa mukubwa." Mama, babu anayekohoa damu asisubiri mtoto akue. Mpe amshike.

Msalimie shangazi wa Lubudi, mwambie kosa si la mahindi yake, ni la mvua. Msalimie Mama Zaina, jirani aliyetuhifadhia vitu vyetu jiko lilipozama. Mke wa Banza mwambie nampenda kwa kumpa mtoto jina lile. Na Tata, kama unamsomea, mwambie binti yake anapigana na adui yake kwa koleo ndogo na miwani.

Ile alama ikwangue kwa kisu. Kama haitoki, humu ndani nimekufungia kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Zipake sahani zote, ya Banza, ya kwako, na yangu iliyo kabatini, kisha mle pamoja.

Ni mimi mtoto wako, niliyepaka ile ya kwanza,

Ngoie