Joto Dogo la Mpwa Wangu

2 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye mgongo unamuuma lakini mdomo mzima. Kikohozi chako vipi? Mama yako anakusalimu. Goti lake ndilo halisalimu mtu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale kwa kinyozi, ili ajue. Chombo cha maabara kimepasuka, unataka chupa ya mdomo mpana isiyopitisha joto, kifuniko chenye matundu mawili: la kipimajoto na la kukorogea. Umeuliza penyewe! Niliwahi kutengeneza chupa ikatiwa chai harusi ya kifungua mimba, ikanywewa harusi ya kitinda mimba, na bibi harusi akaungua ulimi. Shule niliishia darasa la saba kwa sababu walimu waliishiwa la kunifundisha.

Ila umeniudhi. Unasema hizo asidi amino zinazojenga mwili, ukizitia dawa zikaachia chembe zake, joto linapanda nusu nyuzi. Nusu! Umesoma miaka yote hiyo kwa ajili ya nusu? Paka akilalia kiti anatoa zaidi. Mimi nimeshawaambia watu unapika bila moto!

Chombo kinakuja kwa mkono wa fundi mwenzangu.

Mjomba wako, Fundi wa Moto na Baridi

19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Pole na mgongo. Kikohozi kimekwisha. Chombo kimefika, kizuri hadi wenzangu wanakionea wivu.

Mjomba, sipiki. Napima. Asidi amino ikiachia ile chembe yenye chaji, joto lake ni dogo kwa asili. Nikiuvunja mnyororo wa asidi amino kwa maji, nalo ni dogo. Kazi yangu ni kuujua udogo huo kwa uhakika, na nikikosea narudia mwaka mzima.

Sasa ajabu: jana limepanda nyuzi nne. Nimerudia, nne na kitu. Msimamizi amekunja uso, kasema nikamwonyeshe Ijumaa. Katikati ya kuta za chombo umeweka nini? Nijibu upesi.

Mpwa wako

25 Februari

Marahaba mwanangu, marahaba mara nne!

Nilijua! Kinyozi nimemwambia ni nane, maana nne ungeifikisha nane ukipata nafasi.

Unauliza nimeweka nini. Siri ya fundi haitoki nje, lakini wewe damu yangu. Kuna pamba, kuna karatasi ya kung'aa, halafu kuna chokaa, ile ambayo haijazimwa, ukiimwagia maji inafuka na kuchemka. Ndani nimeacha tundu kama la sindano. Kila ukimimina, tone linapenya, chokaa inakupiga jeki. Ningekuacha uaibike mbele ya wasomi na nusu yako? Usinishukuru.

Mjomba wako

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo, hata hivyo.

Barua yako imefika Jumatatu. Ijumaa nilikuwa nimeshasimama mbele ya msimamizi. Hakugusa asidi wala dawa. Alitia maji, akaongeza maji. Maji juu ya maji, Mjomba! Joto likapanda nyuzi tatu. Akaniuliza, “Binti, haya maji yamegombana na nani?” Maabara nzima ikaangua kicheko, na mimi nimeshika kipimajoto kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Vipimo vyote vimefutwa. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, mwaka umekwenda. Foleni ya vyombo vya hapa sitaifikia, kwa hiyo nakuomba wewe tena, na Mungu anisamehe. Pamba tu. Usitie chokaa, usitoboe, usinipige jeki. Nakusihi, usinisaidie!

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Hujauliza hata mgongo. Haya.

Chombo hiki hapa. Pamba, basi. Nimekitazama, nikaona kama mtu anayetoka nyumbani bila shati, mkono ukaniwasha, nikampa mama yako akifunge yeye. Kinyozi anauliza habari za nane. Nimemwambia maabara inapakwa rangi.

Mjomba wako

28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mgongo je? Na goti la mama?

Nusu nyuzi. Nimerudia na kurudia, nusu. Msimamizi kaleta maji yake, kamimina juu ya maji, kipimajoto hakikutikisika. Akatia sahihi. Sirudii mwaka, Mjomba. Naendelea!

Sasa waambie watu namba yenyewe. Tafadhali, usiongeze.

Mpwa wako

5 Aprili

Marahaba, mwanangu,

Mama yako kacheza hadi goti likasahau kuuma.

Nimefanya ulivyosema. Nilisimama kwa kinyozi nikatamka: nusu. Wakacheka, mmoja akamwaga sabuni. Nikawaambia, nyinyi, joto kubwa hata mbuzi analijua, linamchoma. Nani kati yenu anaweza kulikamata joto ambalo lenyewe halijijui kama lipo? Kinyozi akazima mashine.

Basi wakaanza kuja mmoja mmoja, dogo kiasi gani, fundi? Sikuongeza, mwanangu, naapa. Umenikataza, na mimi si mkaidi.

Lakini kufikia jioni nilikuwa nimeshashuka hadi robo.

Mjomba wako