Mchanga Ndani ya Kiyoyozi cha Mama

Kaloleni,
S.L.P. 418,
Voi.
12 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Wakio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Kuwait? Lile goti lako limepoa? Sisi tuko wazima, ila joto la mwezi huu linatutoa jasho hata tukiwa tumeketi. Mama anakula vizuri na presha yake imetulia.

Kile kiyoyozi ulichomtumia Pasaka iliyopita kilikufa Jumanne ya wiki jana. Nilimwita fundi Morris, akakifungua. Ukatoka mchanga mweupe, laini kama unga. Akaniambia, "Mama Abby, hii si vumbi ya Voi. Hii AC imefanya kazi jangwani miaka kama saba kabla ije hapa. Huko haipumziki, mchana na usiku. Ikifika miaka kumi, imejaribu sana."

Nisikufiche, nilifurahi. Tangu kifike, kila mgeni hupelekwa chumbani kuonyeshwa baridi ya Wakio. Mimi ninayemwogesha Mama na kumpikia sijawahi kuonyeshwa kwa mgeni yeyote. Basi nikaenda mbio kumwambia kwamba ulimtumia kikuukuu kilichokwisha kuchoka.

Unajua alisema nini? "Kumbe mtoto alinitolea chake, yeye akabaki na joto." Kisha akaniagiza niuzoe ule mchanga, niutie kwenye kopo la Blue Band. Sasa kopo liko kando ya kitanda chake, karibu na Biblia, na kila asubuhi mimi ndiye ninayelipangusa.

Wivu ninao, mdogo wangu. Sina haja ya kuuita jina lingine.

Jana alasiri joto lilizidi. Nilikaa naye kitandani nikampepea kwa leso mpaka mkono ukafa ganzi. Alikuwa amefumba macho. Akasema taratibu, "Asante, Wakio."

Nikaitika.

Morris anasema hakitengenezeki. Tafadhali usitume kingine. Omba likizo uje wewe mwenyewe, ushike leso hata siku moja.

Gabriel na Abby wanakusalimu, na shangazi Mkawasi wa Sagalla pia, anauliza utarudi lini. Mungu akutangulie kazini na akurudishe salama.

Mama hajakutumia salamu. Anasema mliongea jana.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Milka