Ruhusa ya Maua Salumu

Tangini, Kibaha
30 Juni 2024

Mwanangu Naila,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo limekataa kustaafu pamoja nami. Baba yako anakusalimu na anauliza huko Marui mnakula nini zaidi ya mihogo.

Najua utacheka: shangazi anayekuhubiria mambo ya mtandao anakuandikia kwa kalamu. Nimekupigia siku nne, hupatikani. Basi barua nimempa mama Sikuzani anayerudi huko Marui na gari la machungwa, na ndani ya bahasha kuna memori kadi. Usiipoteze. Nimeshinda siku tatu pale kituo cha walimu nikiijaza kwa intaneti yao ya bure, mpaka Evaline anayekaa pale mapokezi akaniuliza kama nimehamia.

Kuna vitabu vyote vya kiada vya darasa la pili, nimevitoa maktaba ya mtandaoni. Kuna hadithi za watoto za Kiswahili zenye picha, zinafika mia mbili. Kuna kamusi elezo nzima, inafunguka bila bando. Kuna na sauti za herufi, za wale wanaochanganya r na l. Nimekuandikia pia jina la ile mashine ya kutunga andalio la somo, lakini isome kabla hujaipeleka kwa mwalimu mkuu. Mimi ilinitungia somo la kuhesabu kwa mipira ya theluji.

Cha mwisho ndicho ninachokusisitizia: Daftari Mkononi, programu ya simu ya kuandika mahudhurio. Unaita majina, unabonyeza Yupo au Hayupo, ukishika mtandao yote yanaondoka. Mtoto asipofika, mzazi anapata ujumbe. Siku tatu mfululizo bila sababu, jina linageuka jekundu na kuandikwa Mtoro. Mimi nimeita majina miaka thelathini na minne, watoto wanapotea mashambani na hakuna anayejua. Laiti ningekuwa na kitu hiki!

Nijibu upesi.
Shangazi yako,
Mwanahalima


Marui, Kisarawe
14 Julai 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, goti vipi? Mwambie baba tunakula mihogo asubuhi, na jioni tunabadilisha, tunakula kisamvu.

Kadi imefika na inafanya kazi. Mtandao unapatikana nyuma ya tangi la maji la shule, ukisimama juu ya matofali mawili na kutazama upande wa choo cha wavulana. Kila siku saa nane niko pale. Watoto wanadhani ninaswali.

Nina watoto tisini na saba na vitabu kumi na moja, kwa hiyo hadithi zako ninawasomea kutoka kwenye simu, kundi kwa kundi. Yupo mmoja, namba arobaini na tatu, Maua Salumu, yeye ameshasoma hadithi ya sungura na kisima peke yake, kwa kidole, mpaka mwisho. Akimaliza ananiuliza, "Mwalimu, nyingine ipo?" Baba yake anafyatua matofali hukohuko kwenu Kibaha, mtaa wa Pangani. Simu ya nyumba ni hiyo moja aliyonayo yeye.

Daftari Mkononi wazazi wanaliogopa kuliko mgambo. Mahudhurio yamepanda. Mwalimu mkuu, Bwana Ambokile, amelitaja mstarini.

Mwanao,
Naila


Tangini
28 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakusalimu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale kituoni. Evaline ameomba uje mwezi wa tisa uwaeleze walimu wengine. Nimekubali kwa niaba yako, shangazi hana adabu.

Nakuongezea neno moja la mzee. Utoro huanzia kwenye huruma ya mwalimu. Jina likigeuka jekundu usingoje kesho, tuma neno nyumbani siku hiyohiyo, tena neno kali. Watakulaumu leo, watakushukuru wakiwa wakubwa.

Shangazi yako


Marui
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai hamjambo. Mimi sijambo.

Maua Salumu amefariki. Ni yule wa hadithi ya sungura.

Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa hakuja, nikabonyeza Hayupo. Jumanne Hayupo. Jumatano Hayupo, na jina likawa jekundu. Nikafanya ulivyosema. Nilimtuma mtoto wa jirani yao akamwambie mama yake kwamba Maua ameshaandikwa mtoro, kesho aje, ama mama aende kwa mwalimu mkuu.

Alhamisi alikuja. Nikabonyeza Yupo. Alilalia dawati tangu kipindi cha kwanza. Nilidhani amechoka, nikamwacha alale. Saa tano nilimgusa nikakuta anawaka. Bwana Ambokile alimpakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Wakasema malaria imepanda kichwani. Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa ameshakwenda. Tulizika Ijumaa.

Jumatatu nikaita majina kama kawaida. Nikafika namba arobaini na tatu, pakawa kimya, kidole kikabonyeza Hayupo chenyewe. Saa nane nikaenda kwenye tangi, yote yakaondoka. Ndipo nikakumbuka ujumbe umemwendea baba yake: Mwanao hakufika shuleni leo, tafadhali eleza sababu.

Tangu siku ile ninabonyeza Yupo, ili asipate ujumbe mwingine. Nimetafuta namna ya kulitoa jina. Kuna Yupo, Hayupo, Ruhusa, Amehama. Basi. Niliyemwita kwa neno kali ni mimi, na sijalia. Ninakula, ninafundisha, ninasahihisha madaftari. Sisikii chochote, Shangazi. Nimekuwa kama mtu aliyelalia mkono wake.

Naila


Tangini
18 Agosti 2024

Mwanangu Naila,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, mama Sikuzani akaniletea kiti.

Sitakuambia hukukosea, wewe ni mtu mzima na hungeniamini. Nakuambia tu kwamba lile neno kali lilitoka kwangu, na kifaa hicho nilikuletea mimi. Tugawane.

Nimekwenda kituoni. Evaline aliwapigia waliotengeneza hilo Daftari. Kijana mmoja akajibu kwa adabu sana kwamba tuchague Amehama, kisha tujaze jina la shule aliyohamia, maana bila jina la shule halikubali. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyasema kwenye simu ya serikali. Nitawapigia tena.

Kuna jambo jingine ambalo hata Evaline hakulijua mpaka juzi. Juu kulia kuna alama ya bahasha. Mzazi akijibu ule ujumbe, jibu linakaa humo, wala simu hailii. Unaifungua ukiwa kwenye mtandao. Sikukufundisha kwa sababu sikuijua.

Kula. Njoo likizo.
Shangazi yako,
Mwanahalima


Tangini
8 Septemba 2024

Naila mwanangu,

U mzima? Shule zimefungwa tangu tarehe thelathini na hujaja. Mama Sikuzani anasema anakuona dukani na unamwamkia. Nimeandika hii fupi nijue tu.

Shangazi yako


Marui
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya.

Niliifungua ile bahasha siku niliyopata barua yako, juu ya yale matofali mawili. Majibu yalikuwa mengi. Ya baba yake Maua yalikuwa manne. Ninakuandikia kama yalivyo.

Tarehe 29 Julai: "Habari za kazi mwalimu. Mama ake kapiga kwa simu ya jirani anasema Maua ana homa. Naomba ruhusa."

Tarehe 30: "Mwalimu bado homa. Kesho natuma hela apelekwe hospitali. Naomba ruhusa."

Tarehe 31: "Mwalimu mbona kwangu imekuja mtoro? Nimeomba ruhusa. Naomba jibu."

Tarehe 5 Agosti: "Mwalimu. Maua tulimzika Ijumaa."

Jumatatu iliyopita ilikuwa arobaini yake. Nilikwenda, nikakaa jikoni na akina mama, nikachambua mchele. Mama yake alinisogelea akasema hana kinyongo. Akasema alijua baba ameomba ruhusa, na neno langu lilipofika aliona kwamba ruhusa imekataliwa. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye kona ya shule, halafu akamshusha atembee, wenzake wasimcheke. Aliona shuleni wakimwona hali yake watamruhusu wenyewe.

Sikumwambia kwamba hakuna aliyekataa. Niliendelea kuchambua mchele. Baba yake hakuwepo, alikuwa amesharudi Pangani.

Shangazi, mimi siwezi. Nenda wewe ukamwambie kwamba ujumbe wake haukusomwa. Akitaka kunishitaki, mpe jina langu lote. Kesho shule zinafunguliwa na nitamwandika Yupo, kwa sababu sijui niandike nini.

Naila


Tangini
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda.

Kutoka hapa hadi Pangani si mbali, lakini goti lilinipeleka polepole, nalo lilifanya vizuri, maana nilikuwa sijui nianzeje. Salumu nilimkuta kwenye tanuri, mtu mwembamba, mikono myekundu kwa udongo hadi viwikoni. Alinawa kabla hajanipa mkono. Nikamweleza yote: mimi ni nani, bahasha ni nini, na kwamba ujumbe wake ulikaa humo hadi Agosti bila mtu kuusoma. Sikukutetea na sikujitetea.

Kisha akatoa simu mfukoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi. Akasema, "Mama, mie kila siku saa nane naitazama hii. Tangu ile Jumatatu hawajaniandikia tena. Nikajua washamfuta."

Nikamwambia hukumfuta. Nikamwambia kila siku unamwandika Yupo.

Hapo ndipo alipogeuka akatazama tanuri. Nilidhani atanitukana, na angenitukana ningekaa nimsikilize. Akasema, "Mwambieni asimwandike Yupo. Mtoto hayupo. Ila mie nina ujumbe hapa umeandikwa mtoro. Mwanangu hajawahi kutoroka shule. Niliomba ruhusa. Mwalimu anijibu."

Hilo tu, Naila. Hakutaka kushitaki. Anataka ajibiwe.

Waliotengeneza Daftari nimewapigia mara saba. Ya saba nilimsomea yule kijana majibu ya baba yake Maua, yote manne, akasema nimpe wiki mbili.

Shangazi yako,
Mwanahalima


Marui
20 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai goti halijambo na baba hajambo. Mwambie nitakuja Desemba, aniwekee pweza, mihogo nitaleta mimi.

Jumatano nilipanda kwenye matofali nikarudi nyuma mpaka mwezi wa saba. Daftari linakubali kurekebisha siku zilizopita, ila kila siku lazima uandike maelezo. Tarehe 29 nikaandika: Mzazi ameomba, ruhusa imetolewa. Tarehe 30, hivyohivyo. Tarehe 31, hivyohivyo. Lile neno jekundu likaondoka. Simu ikatuma ujumbe mara tatu, nikabaki nimeishika. Nikafungua bahasha nikangoja. Haikuchukua muda.

"Nimeona mwalimu."

Kisha nikabonyeza jina lake. Yule kijana wako ametimiza ahadi: chini ya Amehama sasa kuna neno jingine, Amefariki. Halitaki jina la shule, linataka tarehe tu. Nikaandika tarehe mosi Agosti.

Simu ikaniuliza: Una uhakika?

Shangazi, nililia. Nililia pale nyuma ya tangi kwa sauti hadi Bwana Ambokile akatoka ofisini bila viatu. Kumbe muda wote ule hakuna aliyekuwa ameniuliza. Alisimama kando akanisubiri. Nilipoweza kuona maandishi nikabonyeza Ndiyo.

Kesho yake niliita majina tisini na sita. Baada ya arobaini na mbili nilinyamaza kidogo, na watoto nao wakanyamaza, halafu nikaendelea na arobaini na nne.

Mwanao,
Naila